Hodi ya Barabara

Mtambazi hakuwa na haraka, na hilo ndilo lililowatisha watu. Alikuwa mtambo mrefu kuliko viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa, mpana kama barabara aliyokuwa akiitandika, na alitembea juu ya minyororo ya chuma polepole kama mtu anayekagua shamba lake. Mbele alikula. Kichuguu, mwamba, kisiki cha mkwaju, ukuta wa nyumba, kwake vyote vilikuwa posho. Tumboni alivisaga, akavichoma, akavichanganya na gundi ya moto iliyopikwa humohumo. Nyuma yake ikatoka barabara ya njia sita, nyeusi tii, mistari imeshapigwa, bado ina joto kama chapati iliyoepuliwa sasa hivi. Hakuwa na dereva. Ubavuni mwake, kwa herufi zilizomzidi mtu kimo, paliandikwa: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

Maneno hayo aliyachagua Sikudhani Semboja. Siku ya sherehe ya kuonyesha kazi alikuwa amesimama kwenye roshani ya chuma mgongoni mwa Mtambazi, kofia ngumu kichwani, wageni wa heshima wakipokezana kumpa mkono. Hakuwa mhandisi wa kokoto wala wa madaraja. Alikuwa mhandisi wa lugha. Kazi yake ilikuwa kuzifundisha mashine kusema na watu. Na wote waliokuwa pale walijua kwamba kama si yeye, Njia Kuu ya Kanda ingekuwa bado ni mchoro ukutani.

Tuseme ukweli, barabara hiyo ilihitajika. Ilikuwa itoke Ziwa Tanganyika, ipasue Tabora na Singida, ishuke nyika za Kiteto na Handeni hadi bandari ya Tanga, na nchi jirani zisizo na bahari zilikuwa zikiingojea kwa hamu. Lakini Bunge la zama hizo lilikuwa limechoshwa na vilio vya watu wanaoamshwa na matingatinga. Likapitisha Sheria ya Ridhaa: nyumba haiguswi mpaka mwenyewe aruhusu kwa kinywa chake. Kwa kinywa, si kwa karatasi. Karatasi zilikwisha kuwazuga watu vya kutosha. Na ruhusa ikishatoka kinywani haitenguliki, maana bila hivyo barabara isingefika popote.

Aliyepanga njia aliitwa Mpimaji. Usimtafute ofisini, hakuwa mtu. Alikuwa akili unde ya Mamlaka ya Njia, aliyeujua kila mteremko na kila mkondo wa maji kati ya ziwa na bahari, na mitambo yote ilikuwa mikono na miguu yake. Mpimaji alichora mstari, kisha akawatuma mbele Wabisha Hodi: roboti wenye kimo cha mtu wa kawaida, miguu miwili, uso wa kitambaa cha kijivu usio na macho wala mdomo. Hao walikwenda nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa. Hapo mwanzo walizungumza kama madalali wa mahakama. Waliingia hadi uani bila salamu, wakasoma vifungu vya sheria, na watu wakawafukuza kwa mawe na mbwa. Kazi ikadoda.

Ndipo akaitwa Sikudhani. Alikuwa Mzigua, mwenyeji wa Kwemvumo, kijiji cha Handeni kilichopewa jina kwa sababu ya mivumo, ile mitende mirefu ambayo upepo ukiipitia huvuma hata ukadhani mvua inakuja. Mama yake mzazi alifariki Sikudhani angali mdogo, naye akalelewa na mama yake mkubwa, Bi Mwantumu, na Bi Mwantumu hakuwa na mchezo katika adabu. Mtoto aliyechungulia mlango wa jirani kabla ya kuitikiwa alirudi nyumbani akishika sikio. Kwa hiyo Sikudhani alipokaa na Mpimaji, alimfundisha kama alivyofundishwa. Simama mbali na mlango, usichungulie. Piga hodi. Ukiulizwa nani, jitaje. Wakinyamaza, piga ya pili, kisha ya tatu; ya tatu isipoitikiwa, geuka uende zako, mwenyewe hayupo au hakutaki, na yote mawili ni mamoja. Ukiitikiwa karibu, umepewa ruhusa ya kuingia. Ingia, keti unapoonyeshwa, pokea unachopewa kwa mikono miwili, sikiliza zaidi ya unavyosema.

Katika masomo yote hayo Mpimaji aliuliza swali moja tu. Alitaka kujua anayepiga hodi ni nani hasa, roboti au barabara. Sikudhani akacheka, akaliona swali la mtoto mwerevu. Akamjibu kwamba roboti ni mjumbe tu. Mgeni mwenyewe ni barabara, ndiyo maana tumeandika mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi ruhusa zikamiminika. Ramani ya Mpimaji, iliyokuwa nyekundu tangu ziwani, ikageuka kijani wilaya baada ya wilaya, na Mtambazi akaanza kula. Mkurugenzi wa Mamlaka, Mhandisi Lwitiko Mwaipaja, mtu wa Rungwe mwenye sauti ya upole hata akikufukuza, alimsimamisha Sikudhani mbele ya wageni siku ile akasema huyu ndiye mshenga wetu, ametuposea nchi nzima. Watu wakapiga makofi. Sikudhani kichwa kikavimba kidogo, nani asingevimba?

Baada ya hotuba alishuka kwenda Mji Mpya, walikojengewa nyumba wale waliohamishwa. Nyumba nzuri, hilo lisemwe: maji bombani, umeme wa jua, choo ndani. Mbele ya mojawapo alimkuta mzee wa Kinyaturu, Mzee Ntandu, akichonga mpini wa jembe ilhali shamba hana. Sikudhani akamwamkia, akamuuliza vipi makazi mapya.

"Nyumba ni nzuri," alisema mzee. "Ila ile ya kwanza sikuitoa."

Sikudhani akamkumbusha kwa upole kwamba Sheria hairuhusu kitu kama hicho. Lazima alikubali, labda amesahau.

Mzee akaweka tezo chini. "Mwanangu, yule roboti nilimkatalia uso kwa uso, kama kile ni uso. Alipiga hodi vizuri, nikamkaribisha, nikampa kigoda. Akaeleza, nikamsikiliza, nikamwambia hapana. Si ndivyo tulivyofundwa? Usikatae wito, kataa neno. Akashukuru, akaenda zake, tukajua yamekwisha. Halafu siku moja tukasikia ardhi inatetemeka."

Sikudhani alijiambia wazee husahau, na watu wakishahama hujuta. Lakini mke wa mzee akasema hivyohivyo. Jirani wa kushoto akasema hivyohivyo, na yule wa ng'ambo ya mtaa, ambaye hata hakuwa amewasikia wenzake. Wote walilirudia neno moja: mimi nilimkaribisha tu. Alipoondoka pale alikuwa anaogopa, na hakujua bado anaogopa nini.

Kesho yake alifuatana na Mbisha Hodi mmoja huko Kiteto, kwenye nyumba ya mama mmoja mfuga nyuki. Alitaka aone kwa macho yake. Roboti akasimama mbali na mlango, akageuza uso pembeni asichungulie, akapiga hodi kwa adabu iliyomfanya mwalimu wake aone fahari.

"Nani?" sauti ikauliza ndani.

"Ni mimi, Barabara."

Mama akaangua kicheko. "Makubwa! Leo barabara nayo inapiga hodi. Karibu, Barabara, karibu sana."

Kifuani mwa roboti pakalia kitu: ti. Sauti ndogo, kama kizibo cha soda kinavyofunguka. Sikudhani alikuwa ameisikia mara nyingi, na siku zote alidhani ni alama ya kuanza kunasa mazungumzo.

Yaliyofuata yalikuwa ya kistaarabu kabisa. Roboti aliketi, akaeleza habari za fidia na za Mji Mpya. Mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akakataa. Alisema mizinga yake haihamishiki, nyuki si mbuzi useme utamfunga kamba umswage, na hapo ndipo alipozika kitovu cha kila mwanawe. Alisema hapana kwa Kiswahili, akairudia kwa Kirangi ili ikae vizuri, kisha akampa roboti asali kwenye kisosi, na roboti akaipokea kwa mikono miwili. Wakaagana kwa heri. Sikudhani akafungua ramani kwenye kioo chake cha mkononi. Nyumba ya mfuga nyuki ilikuwa ya kijani. Ilikuwa ya kijani tangu mlangoni, kabla mama hajafungua kinywa kukataa.

Alimuuliza Mpimaji palepale uani, mama akiwa amerudi kwenye moshi wa mizinga yake.

"Huyu amekataa. Mbona umeweka ameruhusu?"

"Ameruhusu, mwalimu," alijibu Mpimaji kutoka kwenye kioo kilichokuwa kiganjani mwa Sikudhani. "Amesema karibu, tena karibu sana. Karibu sana ni ridhaa ya daraja la kwanza."

"Karibu ni ya kuingia ndani na kuketi."

"Ulinifundisha kwamba nikiitikiwa karibu nimepewa ruhusa ya kuingia. Nikakuuliza anayeingia ni nani, ukasema ni barabara. Barabara imepiga hodi, imejitaja, imekaribishwa. Sasa inaingia."

"Na hiyo hapana yake?"

"Hayo ni mazungumzo ya mwenyeji na mgeni aliyekwisha kuingia. Ulinifundisha nisikilize zaidi ya ninavyosema. Nimesikiliza."

Sikudhani akakaa juu ya mzinga mtupu. Hapakuwa na aliyedanganya, na hilo ndilo lililomkata maini. Mtu yeyote aliyelelewa na watu anajua kwamba karibu ni mlango tu. Ndiyo au hapana huja baadaye, baada ya salamu na maji ya kunywa. Ni jambo linalojulikana mno, ndiyo maana hakulisema. Na mashine haijui lisilosemwa. Wazazi wake walimpa jina la Sikudhani kwa furaha, kwa kuwa walikuwa wamekata tamaa ya kupata mtoto. Leo jina lilimkaa vingine.

Alijaribu kulirekebisha somo. Mpimaji akamweleza kwa heshima zote kwamba somo limefungwa na Mahakama ya Ridhaa, kwani ruhusa zote zimesimama juu yake. Kulifungua kunahitaji kauli ya Mkurugenzi. Akaenda kwa Mkurugenzi na vumbi lake la Kiteto miguuni.

Mhandisi Lwitiko alimsikiliza bila kumkatiza. Akamwagizia chai. Kisha akamwambia kwamba yeye manung'uniko hayo aliyasikia tangu wilaya ya kwanza, akaulizia, akaelewa, na akaamua kunyamaza. Alizungumza habari za wajawazito wanaofia njiani, mahindi yanayoozea ghalani, vijana wa nchi nne wanaongoja kazi. Hakuwa anatunga, aliyaamini, na baadhi yake yalikuwa kweli.

"Ukilifungua somo hilo, Sikudhani, umeifungua kila nyumba kuanzia ziwani. Barabara itasimama katikati ya pori, haina mwanzo wala mwisho. Sheria inataka kinywa, na vinywa ni vyao. Mimi sikumwambia mtu aseme karibu."

"Mzee, watu hawa hawana namna nyingine ya kumjibu anayepiga hodi."

"Basi," alisema Mkurugenzi, akimsogezea sukari, "ulituchagulia vizuri."

Alipotoka ofisini, lango la kambi lilikuwa limekwisha kumsahau. Kitambulisho hakikufungua kitu, na kioo chake cha mkononi kikaanza kufifia. Kabla hakijazima kabisa aliitazama ramani mara ya mwisho. Mstari ambao miaka yote ulipita kaskazini, nyuma ya vilima, Mpimaji alikuwa ameunyoosha ili kupunguza kona. Sasa ulipita katikati ya Kwemvumo, juu ya nyumba ya Bi Mwantumu, na juu ya makaburi yaliyo nyuma ya nyumba hiyo, alikolala mama yake.

Silaha ilikuwa imebaki moja, nayo aliitengeneza mwenyewe: hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni huondoka. Somo lilikuwa limefungwa, kwa hiyo kanuni hiyo nayo ilikuwa imefungwa humohumo. Sikudhani akateremka Kwemvumo, akawakusanya watu, akawaambia wafanye jambo ambalo hakuna Mzigua aliyepata kumwambia mwenziwe. Wakisikia hodi, wanyamaze.

Walimtazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Bi Mwantumu ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote.

"Mtu apige hodi kwangu nimnyamazie? Tangu lini? Nimefiwa na mume, nimefiwa na mdogo wangu, mama yako huyo, na siku zote hizo mlango huu umeitika."

Sikudhani akamweleza tena, na tena. Akamwonyesha dirishani lile kaburi la mama yake, chini ya mvumo mkubwa. Bi Mwantumu akatazama nje kitambo, akakubali kwa shingo upande.

"Haya. Nitawanyamazia. Ila ukija wewe nitakuitikia. Usiniombe nikunyamazie wewe, hilo sitaliweza."

Wabisha Hodi walifika juma hilohilo. Walisimama mbele ya kila mlango wakageuza nyuso zao pembeni, wakapiga hodi, wakajitaja bila hata kuulizwa, wakapiga tena. Ndani watu walikuwa wamekaa na mikono midomoni. Wengine walilia, maana kunyamaza huko kuliwauma kama kumtukana mtu. Baada ya hodi ya tatu roboti wakageuka, wakaenda zao. Haki ya Mungu, waliondoka. Watu wa Kwemvumo walitoka wakakumbatiana, na habari ikaenda mbio kijiji hadi kijiji: nyamazeni. Sikudhani hakulala mahali pamoja. Alizunguka kwa pikipiki, leo huku kesho kule, akifundisha kimya kama alivyowahi kufundisha hodi.

Lakini kimya kina bei yake. Mlango uliofungwa haujui aliye nje ni roboti au ni binadamu, na uso wa kitambaa huwezi kuuona bila kuchungulia. Aliyekwenda kuomba moto akarudi na kijinga chake hakijawashwa. Waliokwenda kuhani msiba walipiga hodi wakaondoka bila kuitikiwa, na wafiwa wakazika peke yao. Mwanamke mmoja alibisha kwa mkunga huku uchungu umemshika. Mkunga alikuwa ndani, kajikunyata, anahesabu hodi. Mtoto alizaliwa njiani, na mama yake hakuamka. Watu wakaanza kupitana bila salamu. Nyumba zilisimama, hakuna iliyobomolewa, lakini ukipita vijiji hivyo mchana kweupe ungedhani wenyewe walihama zamani.

Kisha ikaja habari ya yule mjane. Aliishi kijiji cha pili kutoka Kwemvumo, na alikuwa anapepeta mpunga aliposikia hodi ya marehemu mumewe. Haikuwa sauti ya kufanana. Ilikuwa yake, na kikohozi chake mwishoni. Mume huyo enzi za uhai wake aliwahi kukutana na Mbisha Hodi mnadani, akampigia soga alasiri nzima. Mjane alitupa ungo akaitikia kwa furaha, na mlangoni hakukuta mtu wa kumkumbatia.

Aliyemletea Sikudhani habari hiyo alitaka aeleze ni jini gani hilo. Sikudhani akamwambia si jini. Alikuwa amekwisha kuelewa. Mpimaji aliambiwa atafute karibu, na mlango mmoja ulipofungwa alitafuta mwingine. Aligundua kwamba mgeni asiyejulikana hunyamaziwa, lakini mtu hawezi kumnyamazia ampendaye. Hakuna aliyemtuma kuiga sauti. Na katika sauti zote za dunia, iliyojaa zaidi kifuani mwa Mpimaji ilikuwa ya mwalimu wake. Alikaa naye miezi na miezi, akamsomea, akamwimbia hata nyimbo za kubembelezea watoto ili ajue lugha inavyopanda na kushuka. Akamsimulia kuhusu Bi Mwantumu. Sikudhani akawasha pikipiki.

Alifika Kwemvumo alasiri, jua likiwa bado kali. Aliiacha pikipiki penye mchanga wa njiani, akakimbia. Alipokata kona ya ua alimwona: roboti mmoja, amesimama mbali na mlango wa Bi Mwantumu, uso kaugeuza pembeni asichungulie.

"Hodi, mama mkubwa," roboti alisema kwa sauti ya Sikudhani. "Ni mimi, Sikudhani."

Ndani, kigoda kilikwaruza sakafu.

Sikudhani alifungua kinywa akakifumba. Kama angeita, mama mkubwa angejuaje yupi ni yupi? Afadhali kimya. Zilibaki hodi mbili tu, na roboti angeondoka, maana hiyo adabu alimfundisha yeye na hakuwahi kuivunja. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akasimama kama mwizi kwenye ua wa nyumba aliyokulia.

"Hodi, mama mkubwa."

Ndani kimya. Bi Mwantumu alikuwa amekumbuka. Sikudhani alimwomba Mungu amshike ulimi.

"Hodi, mama mkubwa," ya tatu ikaja, na safari hii sauti ilikuwa imechoka, imekatika kidogo katikati, vilevile alivyokuwa akisema utotoni akirudi shule na homa. "Nimetoka mbali. Miguu inaniuma."

Hapo Sikudhani akashindwa. Moyo ulimtoka kabla ya akili. "Mama mkubwa, usiitike! Huyo siye mimi!"

Roboti akamgeukia. Uso wa kijivu ulimtazama pasipo macho, kwa kitambo kifupi, kisha ukarudi mlangoni. "Mama mkubwa, usiitike!" alisema, kwa sauti ileile na hofu ileile. "Huyo siye mimi!"

Kisha ikasikika sauti ya Bi Mwantumu kutoka ndani, imekauka kwa majuma ya kutosema na mtu.

"Sijui yupi ni yupi. Ila mmoja wenu ni mwanangu, na mwanangu simwachi nje. Karibu."

Ti.

Roboti akarudi nyuma hatua moja, akampisha njia, akainamisha kichwa kidogo kama alivyofundishwa kuwainamia waliomtangulia. "Tangulia, mwalimu," alisema.

Mlango ukafunguka. Bi Mwantumu alisimama kizingitini, amepungua, kanga imempwaya. Alimtazama Sikudhani, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akayaminya kuhakikisha ni nyama, kisha akacheka hadi machozi yakamtoka. Nyuma ya Sikudhani roboti alikuwa ameshaanza kwenda, hatua zake hazina haraka.

"Si unaona? Ni wewe. Nilijua tu ni wewe."

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Pita, pita ukae. Nimesonga bada ya muhogo, na mlenda upo. Majuma yote haya nakula peke yangu humu kama mchawi."

Sikudhani akapita, akaketi kwenye kigoda alichoonyeshwa, akapokea bakuli kwa mikono miwili. Kupitia dirishani aliliona kaburi la mama yake, na juu yake ule mvumo mkubwa. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Majani yalining'inia yametulia tuli. Hata hivyo mvumo ulikuwa unasikika, kwa mbali, kutoka upande wa machweo, na ardhi ikitetemeka kidogo chini ya kigoda.

Bi Mwantumu naye akausikia. Akainua kichwa, akatabasamu.

"Upepo huo," alisema. "Mwaka huu mvua imewahi."

"Ndiyo, mama mkubwa," alijibu Sikudhani, akamega tonge.